Mwaka wa Muuguzi Ulivyotukuta Tabora

Shirika la Afya Duniani liliutangaza mwaka 2020 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Muuguzi na Mkunga, kwa kuwa ndio uliotimiza miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Florence Nightingale, tarehe 12 Mei 1820. Mimi nilichaguliwa kuwa katibu wa tawi la chama chetu cha wauguzi hapa Tabora mwishoni mwa 2019, kwa hiyo huo ndio mwaka nilioupokea. Tulikuwa tumeshaupangia mambo mengi: maandamano ya Mei tukiwa na sare nyeupe na bendi ya shule mbele, upimaji wa presha na sukari sokoni, uchangiaji wa damu, na siku ya kuwaenzi wakunga wastaafu. Fulana tulishazichagulia rangi.

Naandika ushuhuda huu kwa sababu waliobeba mwaka ule wametawanyika kwenye zahanati ambako hakuna mwandishi anayefika, na nimeona si haki wapite kimya.

Nianze na hali ya tawi lenyewe. Nilikabidhiwa mhuri, daftari la wanachama, kitabu cha stakabadhi kilichoishia katikati, na faili la barua. Kwenye daftari majina yalikuwa mengi. Waliokuwa wanalipa ada walikuwa wachache, na waliokuwa wanafika mkutanoni walikuwa wachache zaidi, karibu wote wa mjini. Kila nilipomwendea mtu kumkumbusha ada nilipata swali moja: chama kitanifanyia nini? Wengi walikuwa wanatuchanganya na chama cha wafanyakazi. "Sista, TUGHE tayari wanakata kwenye mshahara, na nyie tena?" Nilikuwa naeleza kwamba TUGHE wanashughulika na mwajiri, mshahara na haki za kazini, na sisi tunashughulika na taaluma: ujuzi, maadili, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kushikana mkono sisi kwa sisi. Maelezo yalikuwa sahihi. Ila nilikuwa naona usoni mwa ninayemweleza kwamba hayamgusi, na nikajiambia kwamba hayatamgusa mpaka siku atakapokiona chama kikifanya jambo.

Mkoa huu ni mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Una wilaya saba, kutoka Igunga na Nzega upande wa kaskazini hadi Sikonge kusini na Kaliua magharibi, na eneo lake linazidi Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Sehemu kubwa ni miombo, mashamba ya tumbaku na mizinga ya nyuki. Ukisema unaongoza tawi la Tabora halafu unaishia Kitete, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, na vituo vya mjini, hujaongoza kitu. Mimi na mweka hazina wetu tukakubaliana kwamba kabla ya Mei tutakuwa tumewafuata wanachama waliko, kwa nauli zetu pale ambapo tawi halina.

Mvua za msimu ule zilikuwa kubwa nchi nzima. Maziwa yalijaa, na reli ya kati ilikatwa na maji mara kadhaa huko Kilosa na Gulwe. Huku kwetu barabara za vumbi za ndani zikawa mito. Tulikuwa tukifika stendi ya wilaya kwa basi, kisha bodaboda, kisha miguu, suruali imekunjwa hadi magotini. Njia yenyewe ya magharibi, Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge hadi kuvuka kwenda Uvinza na Ujiji, ni ileile ya misafara ya zamani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914 ikiifuata kwa karibu njia ya wapagazi, na hadi leo watu wanakuonyesha miembe mikubwa na kusema hapo walikuwa wakipumzika. Nilikuwa nikiifikiria sana ile historia nikiwa njiani. Katika masimulizi ya misafara tunasikia zaidi habari za pembe na vitambaa, za Mirambo wa Urambo na vita vyake, za Livingstone na Stanley kukaa pamoja kwenye tembe la Kwihara mwaka 1872. Mara chache tunasikia habari za wagonjwa. Ndui ilisafiri na misafara hiyo kutoka kambi hadi kambi, na mpagazi aliyeshindwa kutembea mara nyingi aliachwa njiani na msafara ukaendelea. Mimi nimesomea uuguzi, na nikipita njia ile huwa najiuliza nani alibaki na wale walioachwa. Lazima walikuwepo, mama fulani wa kijiji aliyempa mgeni uji na maji. Hao nawahesabu kuwa wenzangu.

Zahanati moja nitaieleza, nyingine nitazipita. Iko ndani kabisa ya Kaliua, upande wa bonde la Malagarasi. Tulifika jua limeshakuwa kali. Nje walikaa akina mama na watoto wao wa kliniki, na kadi zao wamezifunga kwenye mifuko ya plastiki zisilowe. Ndani alikuwa kijana wa kiume, muuguzi wa ngazi ya cheti, akiwa na mwaka wa kwanza kazini. Alikuwa peke yake. Mwenzake alikuwa amehamishwa na mwingine alikuwa hajaletwa. Asubuhi anachanja, mchana anatibu malaria na kuhara, jioni anaandika taarifa, usiku anazalisha. Taa ya chumba cha kujifungulia ilikuwa ya sola na betri yake ilikuwa imechoka, hivyo alikuwa akiiweka simu kwenye mfuko wa kifua cha koti, tochi ikiangalia nje, ili mikono yake iwe huru. Kwenye mfuko ule koti lilikuwa limebabuka kwa joto la simu. Nikamuuliza, "Ukikwama usiku unampigia nani?" Akasema ana namba ya mganga mfawidhi wa kituo cha afya, ila naye mara nyingi yuko chumba cha upasuaji, simu inaita tu. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Dada, mimi ada nitalipa. Ila nipeni mtu wa kumpigia."

Niliondoka na sentensi hiyo. Nilipomsimulia mweka hazina, yeye alikuwa ameshaisikia kwingine, kwa maneno mengine. Tukaiandika ajenda ya kwanza ya mkutano wa Machi.

Mkutano huo haukufanyika. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyeingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, na kesho yake shule zikaanza kufungwa. Mikusanyiko ikasimama. Maandamano yetu, fulana, bendi, vyote vikaisha katika wiki moja.

Sitaki kuuandika woga wa miezi ile kwa mbwembwe. Ulikuwa woga wa kawaida wa mtu mwenye watoto. Nilikuwa nikirudi kutoka zamu, mume wangu amenitengea ndoo ya maji na sabuni nyuma ya nyumba, naoga huko na kubadilisha nguo kabla ya kugusa mlango. Mtoto wetu mdogo alizoea kunikimbilia, ilibidi ashikwe. Mama yangu akinipigia kutoka Nzega alikuwa haulizi habari za kazi, anauliza tu kama nimekula, na nilijua anachotaka kusikia.

Wanachama wakaanza kupiga simu kwa mambo ambayo hayamo kwenye katiba ya chama chochote. Mmoja aliteremshwa kwenye bodaboda kwa sababu ya sare. Dereva alisema abiria wengine watamkimbia. Mwingine alipewa notisi na mwenye nyumba ahame kabla ya mwisho wa mwezi, kosa lake likiwa ni kufanya kazi wodini. Dada mmoja wa zahanati ya pembezoni alikuta watu wanaochota maji kisimani wakimpisha yeye peke yake, wamesimama mbali, hakuna anayemsalimia. Hilo la salamu lilimuumiza kuliko yote. Kwa Wanyamwezi salamu za asubuhi ni jambo la heshima, watu husimama wakaulizana habari za kaya nzima, na mtu aliyenyimwa "mwangaluka" anajua kabisa amewekwa wapi.

Tulifanya tulichoweza. Kwa yule wa nyumba, mwenyekiti wetu, ambaye ni mama mtu mzima anayeheshimika mtaani, alijifunga kanga, akamchukua mkunga mwenzake, na wakaenda wawili kwa mwenye nyumba jioni. Hawakwenda na barua. Walikaa, wakasalimia, wakaulizia afya ya mzee, kisha wakaeleza ugonjwa unavyoambukiza na jinsi muuguzi anavyojikinga kuliko mtu wa sokoni. Mzee akasema hajafukuza mtu, alikuwa anauliza tu. Dada yule bado anakaa nyumba ileile. Kwa upande wa vijiji, tuliwaomba watendaji na viongozi wa misikiti na makanisa waseme neno, na wengi walisema. Pale kisimani salamu zilirudi taratibu.

Vifaa vilikuwa kidogo, kama ilivyokuwa dunia nzima wakati ule. Tarehe 7 Aprili, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa ripoti ya kwanza ya hali ya uuguzi duniani: wauguzi wapatao milioni 28, na upungufu wa karibu milioni 6, sehemu kubwa ya upungufu huo ikiwa kwenye nchi kama zetu. Niliisoma kwenye simu nikiwa zamu ya usiku, nimekaa mezani na wagonjwa wengi kuliko mikono iliyokuwepo. Niliona faraja, nakiri, kuona hali yetu imeandikwa na watu wazima wa dunia. Asubuhi yake tukaendelea kutafuta glovu.

Mafundi cherehani wa mjini walitushonea barakoa za kitenge kwa bei ya kitambaa tu. Tulizigawa kwa ajili ya safari na sokoni, na tukasisitiza kwamba wodini kitambaa hakitoshi, asije mtu akaingia kwa mgonjwa wa kifua akidhani amekingwa. Tukachangishana ndoo za koki. Mfanyabiashara mmoja wa asali alitupa ndoo zake tupu, zile kubwa zenye mfuniko, fundi akazitoboa na kuweka koki, na kwa muda mrefu katika zahanati kadhaa za mkoa huu watu walinawa mikono kwenye ndoo zinazonukia asali ya miombo.

Tarehe 12 Mei ilipofika tuliwasha mishumaa kila mtu kwake. Mimi nilikuwa kazini. Siku hiyo nilimfunga kitovu mtoto wa mama kutoka Uyui, nikaona inatosha kuwa sherehe.

Jambo lililokaribia kulivunja tawi halikuwa korona, ilikuwa msiba.

Katikati ya mwaka tulimpoteza mwenzetu. Sitasema jina lake wala kituo chake, familia yake haijaniruhusu. Aliugua siku chache, kifua. Hakupimwa, kwa hiyo sitasema kilichomuua, hatujui. Alikuwa muuguzi wa muda mrefu na alikuwa ametufundisha wengi wetu kushika sindano. Kwao ni mbali, mkoa mwingine, na wazee wake walitaka azikwe nyumbani. Mfuko wa tawi ulikuwa na fedha ambayo isingefikisha gari hata nusu ya njia.

Usiku ule nilikaa na simu mkononi, na ndipo nilipolielewa tawi. Niliandika ujumbe mmoja kwenye kundi letu la wasap: mwenzetu amefariki, anapelekwa kwao, mweka hazina anapokea kwa namba hii. Fedha zilianza kuingia kabla sijaweka simu chini. Zilitoka kwa watu ambao hawakuwahi kulipa ada. Zilitoka kwa yule kijana wa Kaliua. Zilitoka kwa wauguzi wa Ndala na Nkinga, hospitali za mashirika ya dini ambako wengine si wanachama kabisa, na kwa wakunga wastaafu wanaoishi kwa pensheni. Wengine walituma elfu mbili, wakaomba radhi. Mweka hazina alikaa mezani kwake na daftari, akiandika kila jina na kila kiasi hadi mkono ukamuuma, na kila baada ya muda anapiga picha ukurasa na kuuweka kwenye kundi. Asubuhi gari lilikuwepo, jeneza lilikuwepo, na wenzetu wawili walipanda kumsindikiza.

Wanyamwezi tunajua safari ya kumsindikiza marehemu. Mwaka 1873 Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, wakapita hapahapa Kwihara na kuufikisha pwani Bagamoyo mwaka uliofuata. Wazungu waliokutana nao Kwihara walipendekeza mwili uzikwe hapa. Wao walikataa, wakasema atarudishwa kwao. Wageni wakipelekwa kwenye makumbusho ya Kwihara huonyeshwa alipokaa Livingstone, na ni sawa, lakini mimi ningependa wote waonyeshwe pia walipolala Chuma na Susi wakiwa na mzigo ule.

Kisha yakaja maneno. Baada ya mazishi palibaki fedha kidogo, na ikaanza kusemwa kwamba viongozi wamekula. Nililia nilipoyasikia, kwa sababu mweka hazina wetu ni mtu ambaye hata nauli yake ya Sikonge hakuwahi kurudishiwa. Wengine wakatoka kwenye kundi. Mwanachama mmoja mzito akasema hadharani tawi livunjwe, kila hospitali ijitegemee.

Shule zilikuwa zimeshafunguliwa tarehe 29 Juni na mikusanyiko imerudi, tukaitisha mkutano. Tulikaa chini ya mti, viti vimeachanishwa. Mwenyekiti alikataa kuanza na hotuba. Alimwita mweka hazina, akasema, "Mama, soma." Na mama akasoma. Alisoma kila jina na kila kiasi, kutoka mchango wa kwanza usiku ule hadi shilingi ya mwisho ya mafuta ya gari, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sauti ileile. Ilichukua muda mrefu mno. Watu walikuwa wakisikia majina yao, na wengine wakisikia kwa mara ya kwanza kwamba jirani yao aliyekuwa na shida alitoa. Alipofika kwenye elfu mbili za wale wastaafu, dada mmoja aliinuka akaenda kusimama pembeni kulia. Mwisho akasema kilichobaki ni kiasi fulani, kiko benki, hii hapa karatasi, nani anataka kuiona. Karatasi ilizunguka viti vyote.

Mji huu umezoea mikutano migumu. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kubishana kama waingie uchaguzi wa kura tatu, ule uliomlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walikwenda wakiwa wameazimia kugoma, Mwalimu Nyerere akawashawishi washiriki, na uamuzi ule hadi leo unaitwa Uamuzi wa Busara. Wapo walioondoka wakaunda chama chao. Kwetu pia wapo walioondoka siku ile na hawajarudi, na siwalaumu. Lakini tawi halikuvunjwa. Tuliamua mambo mawili: hesabu zisomwe kila mwezi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila hospitali, na ile ajenda ya Machi irudi mezani. Nipeni mtu wa kumpigia.

Tulianza na wastaafu. Mkoani hapa kuna wakunga waliostaafu wakiwa na miaka zaidi ya thelathini ya wodi ya wazazi mikononi, na walikuwa wamekaa nyumbani wanauza maandazi na kulea wajukuu. Tuliwaendea mmoja mmoja. Tuliwaeleza kwamba hatuwaombi wachukue nafasi ya daktari wala ya rufaa. Tunaomba tu wakae karibu na simu kwa zamu, usiku, muuguzi aliye peke yake akihitaji sauti. Tulikubaliana kabisa kwamba kitu cha kwanza anachoulizwa mpigaji ni kama ameshaita ambulensi. Tawi likawa linawatumia muda wa maongezi. Ratiba ya zamu ikabandikwa zahanati kwa zahanati, ikiwa imeandikwa kwa kalamu nene ili isomeke kwa tochi.

Mmoja wao tunamwita Bibi Mkunga. Ni mwembamba, mpole, hapendi maneno mengi. Usiku mmoja, mwanzoni mwa mvua za mwisho wa mwaka, simu yake iliita saa nane. Alikuwa yule kijana wa Kaliua. Mama alikuwa amejifungua salama, mtoto analia, kondo la nyuma limetoka, lakini damu haikomi. Mtandao ulikuwa unapatikana dirishani tu, basi mama mkwe wa mzazi akasimama dirishani ameishika simu juu, imewekwa sauti kubwa. Haya nimesimuliwa na wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na yanalingana.

Kijana alianza, "Shikamoo mama..."

"Salamu baadaye mwanangu. Ambulensi?"

"Nimeita."

"Weka mkono tumboni. Mfuko wa uzazi mgumu au laini?"

"Laini."

"Sugua. Usiache kusugua. Amekojoa?"

Hakuwa amekojoa. Bibi Mkunga akamwambia aweke mpira wa mkojo, kwa kuwa kibofu kilichojaa kinauzuia mfuko wa uzazi kujikaza. Akamwongoza sindano nyingine ya oksitosini, sasa kwenye dripu. Akamwuliza kama kondo limekamilika. Kijana akalinyanyua kwenye tochi ya kifuani, akaligeuza, akasema limekamilika. Akamwuliza habari za michubuko. Damu ilipungua kisha ikarudi. Hapo Bibi Mkunga akamwambia avae glovu ndefu, akunje ngumi ndani, mkono mwingine juu ya tumbo, aubane mfuko wa uzazi katikati ya mikono yake miwili. Kijana alikuwa ameliona hilo chuoni kwenye sanamu, hajawahi kulifanya kwa mtu.

"Unafanya?"

"Nafanya mama."

"Bana. Mimi nipo. Sema na mzazi, mwite jina lake."

Mama mkwe anasema mkono wake uliokuwa umeishika simu uliingia ganzi na hakuthubutu kubadilisha, asije mtandao ukakatika. Kijana alibana kwa muda ambao hakuna aliyeuhesabu. Ambulensi ilichelewa kwa sababu ya tope. Walipofika, damu ilikuwa imesimama, mama amelegea lakini anajibu. Alipelekwa, akaongezewa damu, akarudi kijijini na mtoto wake. Asubuhi saa mbili kijana alimpigia tena Bibi Mkunga. Bibi alikuwa anakaanga maandazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umelala?"

Hakuwa amelala. Alikuwa anachanja.

Habari hiyo ilifanya kazi ambayo barua zangu zote za kukumbusha ada hazikuifanya. Watu walianza kulipa bila kuulizwa. Waliotoka kwenye kundi baadhi walirudi. Muuguzi mfawidhi mmoja wa wilaya, ambaye mwanzoni alikuwa akitukatalia hata kubandika karatasi, alinipigia akitaka ratiba ya zamu za wastaafu kwa zahanati zake zote. Mwenzake mmoja, mtu wa historia, akanikumbusha Adrien Atiman, yule mzaliwa wa Mali aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa udaktari na Mapadri Weupe huko Malta, akafika Karema kwenye Ziwa Tanganyika na msafara mwishoni mwa miaka ya 1880, na kutibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Maisha ya mtu mmoja kwenye kituo kimoja, karibu miaka sabini. Nilifurahi kukumbushwa. Lakini nilimjibu kwamba sitaki tena kusifu mtu kubaki peke yake. Atiman hakuwa na wa kumpigia. Sisi tunaye, na tunaweza kuwa na zaidi.

Mkutano mkuu wa mwisho wa mwaka ulijaa. Walikuja kutoka Igunga, kutoka Sikonge, kutoka Ulyankulu, wengine wamesafiri usiku. Hesabu zilisomwa. Mwenzetu marehemu alitajwa na tukasimama. Wakunga wastaafu walipewa kanga, na Bibi Mkunga alipoitwa mbele alikataa kusema chochote, akaomba tu betri mpya za sola ziwekwe kwenye ajenda.

Ziliwekwa. Mwanzoni mwa 2021, ile tuliyokuwa tunaiita changamoto ya upumuaji ilirudi kwa nguvu na tukaingia tena kwenye mitungi ya oksijeni na usiku mrefu, ila safari hii kulikuwa na ratiba, kulikuwa na mfuko wa rambirambi wenye kitu ndani, na kila mtu alikuwa na namba kwenye simu yake. Betri nne zilinunuliwa kwa ada za wanachama, na ya kwanza ikaenda Kaliua. Barua ya kuomba muuguzi wa pili kwenye kila zahanati yenye mtumishi mmoja tumeshaipeleka kwa wenye mamlaka, pamoja na orodha ya zahanati zenyewe kwa majina. Tunaifuatilia kila mwezi, siku ileile tunayosoma hesabu.